Bakteria Hawatamwokoa Mtupa Chupa

Katika mwaka 2018 habari moja ilitoka Marekani na kuenea duniani kwa haraka ya ajabu. Ilisemwa kwamba mwanafunzi wa chuo, ambaye alikuwa bado anaitafuta shahada yake ya kwanza, amewapata bakteria wanaokula plastiki. Kila ilikopita habari hiyo iliongezewa chumvi. Ilipotoka maabara ilikuwa taarifa ya uangalifu kuhusu vipande vya chupa vilivyotiwa ndani ya vyombo vya kioo. Ilipofika vijiweni ilikuwa imekwisha kuwa bishara kwamba takataka za plastiki zimepata mlaji, na kwamba kilichobaki kwa wanadamu ni kungoja ashibe.

Wako walioipokea kwa shangwe, wakaona kwamba sasa hakuna haja ya kusumbuana juu ya chupa na mifuko. Wako pia walioidharau, wakisema kwamba kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza si utafiti bali ni mazoezi ya kujaza karatasi. Makundi yote mawili yalikosea, na makosa yao yana madhara, kwa sababu la kwanza huzaa uvivu mitaani na la pili huzaa uvivu madarasani. Kwa hiyo inafaa jambo lenyewe lielezwe jinsi lilivyokuwa.

Mwanafunzi huyo ni Morgan Vague, aliyekuwa akisoma elimu ya viumbe katika Reed College, chuo kidogo kilichoko Portland, katika jimbo la Oregon, chenye wanafunzi wapatao 1,400. Chuo hicho hakina makundi ya watafiti wa shahada ya udaktari. Karibu wote wasomao hapo ni wa shahada ya kwanza. Hata hivyo kina sharti moja lisilo na msamaha. Hakuna anayehitimu, awe ni wa fasihi au wa fizikia, bila ya kutumia mwaka wake wa mwisho kuandika tasnifu ya utafiti wake mwenyewe na kuitetea kwa mdomo mbele ya walimu. Vague alichagua habari za plastiki, akasimamiwa na Jay Mellies, profesa wa elimu ya vijidudu.

Plastiki aliyoishughulikia ni ile iitwayo PET, ambayo ndiyo hutengenezewa chupa za maji na za soda. Iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, ambao walikuwa wakitafuta uzi mpya wa kufumia nguo. Chupa za PET zilikuja baadaye, na hati ya ugunduzi wake ilitolewa Marekani mwaka 1973. Kwa hesabu ya maisha ya binadamu ni vitu vya siku nyingi kiasi, lakini kwa hesabu ya maumbile ni vitu vya jana. Majani na mizoga huoza kwa sababu bakteria na kuvu wamekuwa wakivila kwa mamilioni ya miaka. Wamekwisha kujitengenezea zana za kuvivunja. Chupa ya PET iliwafikia kama mgeni asiyejulikana kabila wala lugha.

Swali la Vague lilikuwa hili: je, miongoni mwa bakteria waliokwisha kuzoea kuishi ndani ya uchafu wa mafuta ya petroli, hawapo walio na uwezo wa kujipatia riziki kutoka katika plastiki? Swali hilo lilikuwa na mantiki, maana PET hutokana na mafuta hayo hayo. Tena yeye mwenyewe alikulia Houston, katika jimbo la Texas, mahali ambapo viwanda vya kusafisha mafuta vimesongamana kuelekea ghuba ya Galveston. Alirudi kwao, akachota udongo na maji katika sehemu zilizochafuka kwa mafuta, sehemu ambazo watu wengine huzipita wakiwa wameziba pua, akarudi navyo chuoni.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, nayo ni kazi ambayo magazeti mengi yaliipita kwa sentensi moja. Katika konzi moja ya udongo mna bakteria wa aina nyingi mno, na wengi wao hawana lolote la kufanya na plastiki. Lazima wachujwe. Kichujio kilichotumika kilikuwa kimeng'enya kiitwacho lipesi. Mwalimu wa kemia wa sekondari ataelewa mara moja kwa nini kilichaguliwa. Mafuta ya kula hushikamana kwa viungo vya esta, na lipesi ndiyo hukata viungo hivyo. Hata mwili wa binadamu huitumia kusaga mafuta ya chakula. PET nayo ni mnyororo mrefu ulioungwa kwa esta. Kwa hiyo kiumbe atoaye lipesi kwa wingi anaweza, pengine, kuwa na kitu cha kukatia mnyororo wa chupa. Neno pengine hapo lina uzito wake. Kutoa lipesi hakuthibitishi kwamba kiumbe anakula plastiki. Kunaonyesha tu nani anastahili kujaribiwa zaidi.

Aina zipatazo 300 zilipimwa. Zilizotoa lipesi zilikuwa 20, na zilizoitoa kwa wingi zilikuwa tatu tu. Hao walionekana kuwa watahiniwa wa maana, wakapewa mtihani mgumu: walitiwa katika maji yenye chumvi chumvi zinazohitajiwa na uhai lakini yasiyo na chakula chochote chenye kaboni, isipokuwa vipande vya plastiki vilivyokatwa kutoka katika chupa za maji. Kila kiumbe huhitaji kaboni. Bakteria aliyewekwa mahali hapo ama aipate kwenye chupa ama adumae. Vague alipoona kwamba wanaishi, na kwamba plastiki inaguswa, alikuwa na jambo la kuandika.

Hapana budi isemwe pia kwamba hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo, wala hakudai kuwa wa kwanza. Mnamo Machi 2016, wanasayansi wa Japani walitangaza katika jarida la Science kwamba wamempata bakteria mpya katika mji wa Sakai, kwenye mahali pa kurejeleza chupa. Walikuwa wamekusanya sampuli 250 za udongo, maji machafu na tope. Bakteria huyo walimwita Ideonella sakaiensis, na walionyesha kwamba ana vimeng'enya viwili, kimoja cha kuanza kuivunja PET na kingine cha kumalizia. Katika joto la nyuzi 30 aliweza kuuvunja karibu wote utando mwembamba wa PET kwa muda wa wiki sita. Mwanafunzi wa Portland aliingia katika njia ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuifyeka, akaenda kuchungulia pembeni mwake, mahali ambapo wao hawakupita. Huo ndio mwendo wa sayansi, na hauna fedheha yoyote.

Kazi yake haikuishia kabatini. Katika mwaka 2019 maelezo ya jenomu za bakteria watano kutoka katika maabara hiyo yalichapishwa, na mwaka 2020 jarida la mSphere lilitoa utafiti kamili, wenye jina la Vague na la mwalimu wake pamoja na ya wenzao wengine. Humo mna jambo ambalo linapendeza kuliko kichwa chochote cha habari cha mwaka 2018. Watano hao ni wa jamii mbili, Pseudomonas na Bacillus. Walipowekwa pamoja walistawi juu ya plastiki kuliko alivyostawi mmoja mmoja peke yake. Kikundi kizima kiliweza kuligeuza kipande kidogo kinachotokana na PET hadi kuwa vitu viwili vya asili, asidi ya terefthali na glikoli ya ethilini, ambavyo bakteria wanaweza kuvitumia kama chakula. Jenomu zao zilionyesha kwamba uwezo umegawanyika: mabaki ambayo mmoja hawezi kuyatumia, mwenzake anaweza. Bila ya utafiti wa pili na wa tatu, hakuna ambaye angejua kwamba kazi ile ni ya ushirika na si ya shujaa mmoja.

Sasa yatazamwe yale ambayo habari ilipokuwa ikitembea iliyaacha njiani.

Kwanza ni mwendo wa kazi yenyewe. Utandu wa Sakai uliovunjwa kwa wiki sita ulikuwa mwembamba na laini, ambao minyororo yake ilikuwa imelala ovyo. Chupa ya kawaida haiko hivyo. Inapopulizwa kiwandani, plastiki hunyoshwa na minyororo yake hupangika na kubanana kama nyuzi za kamba iliyosokotwa vizuri, na huko kubanana ndiko kunakoifanya izuie gesi ya soda isitoroke. Kimeng'enya hakipati mahali pa kuingilia. Vague mwenyewe alieleza waziwazi kwamba bakteria wake wanakula polepole mno, na kwamba plastiki huenda ikahitaji kutayarishwa kwanza ili wailainike. Maneno hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Ni wasikilizaji ambao hawakuyataka.

Jambo la pili ni aina ya plastiki. Watu husema plastiki kama kwamba ni kitu kimoja, lakini neno hilo hubeba vitu visivyofanana. Mifuko ile iliyozoeleka Tanzania kwa jina la rambo hutengenezwa kwa polietilini, ambayo mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni, bila ya kiungo cha esta mahali popote. Kimeng'enya cha kukata esta kikiwekwa mbele ya mfuko huo ni sawa na ufunguo uliopelekwa kwenye mlango usio na kitasa. Kwa hiyo, hata kama bakteria wa Sakai na wa Galveston wangekuwa na kasi mara elfu, mifuko iliyokuwa ikiziba mifereji isingepungua hata mmoja. Zanzibar ilikuwa na sababu nzuri ya kuipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Hakuna ugunduzi wa maabara uliotokea tangu hapo ambao unaifanya sheria hiyo ionekane kuwa ilikuwa ya pupa.

Tena kuna ukubwa wa shehena yenyewe. Hesabu iliyotolewa na watafiti wa Marekani mwaka 2017 ilionyesha kwamba tangu plastiki ilipoanza kutengenezwa kwa wingi hadi mwaka 2015, dunia ilikuwa imetoa tani milioni 8,300. Katika hizo, tani kama milioni 6,300 zilikuwa zimekwisha kuwa takataka. Sehemu iliyorejelezwa ilikuwa asilimia 9, iliyochomwa asilimia 12, na asilimia 79 ilikuwa imelala majalalani au imetupwa ovyo. Mbele ya mlima wa namna hiyo, kuweka matumaini katika kundi la vijidudu wanaohitaji wiki nyingi kwa kipande kimoja ni kama kumtuma chungu akabebe gunia.

Mtu atauliza, na swali lake ni la haki, kama basi utafiti wote huu ni bure. La hasha. Mwaka 2020 wanasayansi wa Toulouse, Ufaransa, pamoja na kampuni iitwayo Carbios, walichapisha matokeo ambayo ni ya kweli na ni makubwa. Walichukua kimeng'enya kilichopatikana hapo awali nchini Japani katika mboji ya majani, wakakibadilisha mahali mahali, wakakitia pamoja na PET katika joto la nyuzi 72. Kwa saa kumi, asilimia 90 ya plastiki ilikuwa imerudi kuwa malighafi, na malighafi hiyo ikatengenezewa chupa mpya. Lakini yaangaliwe masharti yake. Chupa husagwa na kupitishwa katika joto kwanza ili minyororo yake ilegee. Kimeng'enya hufanya kazi ndani ya pipa la kiwanda, kwa joto linalolindwa, wala hakitembei kutafuta chupa mtaroni. Mtu lazima awe ameikusanya chupa, ameitenga na takataka nyingine, na ameipeleka. Maana yake ni kwamba kadiri sayansi hiyo inavyofanikiwa, ndivyo kazi ya mwokota makopo wa Dar es Salaam, anayeuza kwa kilo, inavyozidi kuwa ya lazima. Ajabu ni kwamba wanaoisifu zaidi sayansi hiyo aghalabu hawamtaji mtu huyo.

Wako wachache wenye hofu ya upande wa pili, kwamba bakteria wakizoea kula plastiki watakuja kula mabomba ya maji na waya za umeme. Wapumzike. Mabomba mengi ni ya plastiki zile zisizo na esta, na kwa mwendo ulioonekana mpaka sasa, bomba litachoka kwa uzee wake kabla ya bakteria kumaliza kulionja.

Upande wa shule unadai kutazamwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa ndiko ambako dharau ya kundi la pili inafanya hasara ya kimya kimya. Mara nyingi mwanafunzi aliyefika mwisho wa kidato cha nne amefanya majaribio mengi maabara, lakini katika yote hayo alikuwa akitafuta jibu ambalo mwalimu tayari analo. Alipima asidi kwa alkali, akapata namba, namba ikalinganishwa na ile iliyoandikwa, akapewa alama. Hilo si baya. Mikono haina budi kufunzwa. Lakini kama mpaka anatoka chuo kikuu hajawahi hata mara moja kuuliza jambo ambalo hakuna mtu katika chumba kile anayelijua jibu lake, basi amefunzwa kutii vipimo, hajafunzwa kuvitumia. Na tasnifu yake ya mwisho inakuwa ni ya kunakili: sura ya kwanza kutoka kwa aliyehitimu mwaka uliopita, sura ya pili kutoka kwa aliyemtangulia huyo, na hitimisho lililoandikwa kabla ya kazi kufanywa.

Wako watakaosema kwamba Reed ni chuo cha matajiri, na kwamba vyombo vyake havipatikani kila mahali. Ni kweli kwa sehemu. Hadubini ya elektroni na mashine za kusoma jenomu ni vitu vya gharama, na utafiti wa mwaka 2020 ulivihitaji. Lakini hatua ile ya kwanza, ambayo bila yake zile nyingine zisingekuwapo, ilikuwa kuchota udongo, kuotesha bakteria katika sahani za agari, kuwachuja kwa kimeng'enya kimoja, na kungoja. Hayo yanahitaji sufuria ya shinikizo ya kuulia vijidudu, kabati la joto, dawa chache, umeme usiokatika ovyo, na mwalimu mwenye subira ya kusikiliza kwa miezi kadhaa kwamba hakuna kilichoota. Aina 280 kati ya 300 hazikutoa lipesi. Katika madarasa mengi mwanafunzi angeambiwa kwamba jaribio lake limeshindwa mara 280, ilhali kila moja ya hizo 280 ilikuwa jibu.

Wenye kushika mafungu ya fedha maofisini nao wanahusika. Dawa za maabara zikichelewa miezi minne, mwaka wa tasnifu umekwisha, na mwanafunzi hana njia isipokuwa kwenda kunakili. Ofisa anayeliweka jalada la ununuzi chini ya majalada mengine hadhani kwamba anafundisha udanganyifu.

Kuna mahali pengine ambapo jambo hili litamfikia mtumishi wa serikali, hata yule asiyejali bakteria wala vyuo. Mfanyabiashara atakuja siku moja na sampuli mkononi, atasema kwamba mfuko wake si kama ile iliyokatazwa, kwamba huu umetiwa dawa unaooza wenyewe, au kwamba bakteria wa udongoni huula ukaisha, na ataomba kibali. Si jambo la kubuni. Ulaya ilikwisha kuuziwa plastiki zilizotiwa kemikali za kuzifanya zivunjike kwa hewa na jua. Zilivunjika kweli, zikawa vipande vidogo visivyoonekana kwa urahisi, vikabaki kuwa plastiki ile ile. Na kwa agizo lake la mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukazikataza zisiingizwe sokoni.

Ofisa huyo hahitaji kuwa mwanasayansi ili amjibu mtu wa namna hiyo. Anahitaji kumuuliza yale ambayo walimu wa Portland wangemuuliza mwanafunzi wao katika chumba cha mtihani wa mdomo. Mfuko huu ni plastiki ya aina gani, na je, una esta? Huliwa na bakteria yupi, na ni nani aliyempima? Katika joto la nyuzi ngapi, na kwa wiki ngapi? Uzito uliopotea ulikuwa kiasi gani, na uliobaki umekwenda wapi? Uliwekwa mfuko mwingine pembeni usio na bakteria, wa kulinganishia? Matokeo yamechapishwa wapi, na mtu mwingine asiyelipwa na kampuni aliyarudia? Mwenye majibu apewe nafasi ya kuleta karatasi zake, naye asiye na majibu abaki na sampuli yake.